Jinsi ya Kukadiria Umbali na Muda wa Ndege kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam

Msafiri anayetaka kupanga safari yake vizuri hana budi kutofautisha umbali wa barabara na umbali wa angani. Basi linalopitia Namanga huelekea kwanza Arusha na Moshi kabla ya kugeukia pwani, hivyo husafiri takriban kilomita 900, ilhali ndege hufuata mstari ulionyooka zaidi.

Umbali huo wa angani unaweza kuukokotoa mwenyewe kwa karatasi na kalamu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko karibu na nyuzi 1.3 kusini na 36.9 mashariki, na ule wa Julius Nyerere uko karibu na nyuzi 6.9 kusini na 39.2 mashariki. Tofauti yao ni nyuzi 5.6 za latitudo na 2.3 za longitudo. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ambako kila nyuzi moja ya latitudo au longitudo ni takriban kilomita 111, utapata kilomita 622 kuelekea kusini na 255 kuelekea mashariki. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha majibu hayo mawili, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla: ni kilomita 670 hivi. Njia hii isitumiwe kwa miji iliyo mbali na ikweta, kama vile London, kwa kuwa huko nyuzi za longitudo hukaribiana.

Sasa gawanya umbali huo kwa mwendo wa ndege. Jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa itahitaji dakika 50, lakini usiishie hapo: ongeza nusu saa ya kutembea ardhini, kupaa, kushuka na kujipanga kutua, ndipo upate saa moja na dakika 20. Ndege ya panga boi huenda polepole zaidi, na kwayo ni busara kutenga kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Ukiketi upande wa kulia, na mawingu yakiwa machache, utauona Mlima Kilimanjaro.

Kwa Kampala, pima hadi Entebbe, takriban kilomita 520, na ukumbuke kwamba baada ya kutua kuna kilomita 40 hivi za barabara hadi mjini.

Unaposoma tiketi, zingatia kwamba 02:00 ni saa nane usiku, wala si saa mbili. Kenya, Tanzania na Uganda hutumia majira yaleyale, kwa hiyo kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika kunatosha. Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Anayeondoka Nairobi 08:00 anaweza kuandikiwa kufika Kigali 08:25, naye huwa amekaa safarini saa moja na dakika 25.