Somo: Kuwatafuta wahenga kwenye majalada ya mirathi ya Marekani ya zamani

Wengi wetu humu tumeoa au tumeolewa Marekani, na watoto wetu wanauliza habari za upande wa pili wa ukoo. Kwa familia za Wamarekani Weusi, masimulizi mara nyingi hukwama kwenye mwaka mmoja: 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wengi waliokuwa watumwa. Sensa za 1850 na 1860 zina orodha za watumwa, ila nyingi zinataja umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wao. Ukitaka majina ya nyuma zaidi, nenda kwenye majalada ya mahakama, hasa ya mirathi. Mtumwa alihesabiwa kuwa mali, na mali ya marehemu iliandikwa yote.

Hatua ya 1: Jua kaunti, kisha jua mahakama

Mirathi ilisikilizwa kwenye kaunti alikoishi marehemu. Virginia ilikuwa mahakama ya kaunti. Maryland na Pennsylvania ilikuwa Mahakama ya Yatima, ambayo licha ya jina lake ilishughulika na mirathi kwa jumla. Angalia pia mwaka kaunti ilipoundwa. Huko Virginia, kaunti ya Fairfax ilimegwa kutoka kaunti ya Prince William mwaka 1742, kwa hiyo aliyefariki kabla ya hapo mtafute Prince William, hata kama shamba lake leo liko Fairfax.

Hatua ya 2: Usiishie kwenye wosia

Hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote. Watu hupata wosia, wakafurahi, wakafunga jalada. Na asiyeacha wosia, wanadhani hana habari. Kumbe asiyeacha wosia ndiye mahakama ilimwandikia karatasi nyingi. Kwanza anateuliwa msimamizi, anaweka dhamana, na wadhamini wake mara nyingi ni ndugu au mashemeji, kwa hiyo nakili majina yao. Kisha majirani watatu au wanne wanapita nyumbani na shambani kuthamini mali: kitanda, vyungu vya chuma, jembe, ng'ombe, na katikati ya vitu hivyo, mwanamke na mtoto wake mchanga kwenye mstari mmoja, wakiwa na bei moja. Mstari huo ni ushahidi wa mama na mwana, pengine ndio pekee uliobaki duniani.

Baadaye zinakuja hesabu za msimamizi, mnada, na mwisho mgawanyo, unaoonyesha nani alikwenda kwa mrithi gani. Ukikosa mgawanyo, utapoteza njia.

Hatua ya 3: Fuata mali kutoka marehemu hadi marehemu

Chukua mfano wa Mount Vernon, shamba la George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, kwa kuwa nyaraka zake zinajulikana sana. Mwaka 1757 alifariki tajiri wa Virginia aitwaye Daniel Parke Custis, bila wosia. Kisheria mjane wake, Martha, alipata theluthi ya kutumia maisha yake yote, wakiwamo watumwa. Hakuwa na uwezo wa kuwauza wala kuwaacha huru. Akifa, wanarudi kwa warithi wa Custis. Mwaka 1759 Martha akaolewa na George Washington.

Julai 1799 Washington aliandika wosia wa kuwaacha huru watumwa wake, akatengeneza na orodha ya watu 317 waliokuwa Mount Vernon. Waliokuwa wake walizidi kidogo 120. Wa fungu la Martha walikuwa 153. Orodha hiyo ni hazina, maana inataja ndoa za watu ambao sheria haikuzitambua ndoa zao. Humo yumo Frank Lee, mhudumu mkuu wa ndani, aliyekuwa mali ya Washington. Mkewe Lucy, mpishi, ni wa fungu la Martha, lile lililotoka kwa Custis.

Frank alipata uhuru tarehe 1 Januari 1801. Lucy hakupata, wala watoto wao, kwa sababu sheria ya Virginia tangu 1662 ilimpa mtoto hali ya mama yake. Martha alipofariki mwaka 1802, watu wa fungu lake waligawanywa kwa wajukuu wake wanne. Kwa hiyo mzao wa Lucy akisoma wosia wa Washington peke yake atadhani bibi yake aliachwa huru. Kilichoamua maisha ya Lucy ni mirathi ya mtu aliyekufa miaka 42 kabla ya Washington.

Hatua ya 4: Tarehe na umri

Hadi 1752 mwaka wa makoloni ya Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ukiona Februari 1740/41, kwa hesabu yetu ni 1741. Na mahakama ikiandika kwamba yatima amejichagulia mlezi, kwa kawaida ametimiza miaka 14 ila hajafika 21. Hapo unaweza kukadiria mwaka wa kuzaliwa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mama mkwe anasema ukoo wao ulichukua jina la bwana. Nianze na bwana mwenye jina hilo?*

Marahaba, mwanangu. Usianze hapo, maana wengine walitumia jina la bwana wa zamani zaidi, au jina walilolichagua wenyewe. Anza na majalada ya benki ya akiba ya watu walioachwa huru, ya 1865 hadi 1874. Mengi yanataja wazazi na ndugu wa mwenye akaunti, na mengine jina la bwana. Ukishampata, tafuta mirathi yake, ya baba yake, na ya baba wa mkewe.

*Kaka, tumeambiwa vitabu vya kaunti yetu viliungua. Ndiyo basi?*

Hapana. Kaunti kadhaa za Virginia zilipeleka vitabu Richmond, mji mkuu wa jimbo, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ili viwe salama, vikateketea huko Aprili 1865. Lakini orodha za kodi za Virginia kuanzia 1782 zilikuwa na nakala za serikali ya jimbo. Pekua na kaunti jirani, kwani wenye mashamba walivuka mipaka.

*Mhenga wetu ni Mzungu, mke wa mkulima. Hana wosia, haonekani popote.*

Mwanamke aliyeolewa kwa kawaida hakuweza kuandika wosia bila ridhaa ya mumewe. Soma wosia wa baba yake, mara nyingi binti hutajwa kwa jina la ndoa. Kisha soma hati za mumewe za kuuza ardhi. Mke alihojiwa faragha kama ameridhia kuachia haki yake, na jina lake likaandikwa.

*Dada yangu yuko Nairobi, anaweza kufanya haya bila kusafiri?*

Anaweza. Tovuti ya ukoo iitwayo FamilySearch ni bure, ajiandikishe tu, na ina picha nyingi za vitabu vya mirathi. Maktaba ya Virginia imeweka mtandaoni kesi za warithi waliogombania mali, na humo mashahidi wanaeleza ukoo mzima. Akipata ukurasa, asome na uliotangulia na unaofuata, kisha aweke hapa kaunti na mwaka tumsaidie kusoma mwandiko.