Kumpeleka mbwa wa kuliwaza hospitalini: mwongozo kwa Nyanda za Juu Kusini

Mbwa wa kuliwaza ni mbwa mpole anayefika hospitalini na mmiliki wake ili wagonjwa na wahudumu wamguse, wamchane manyoya na kukaa naye dakika chache. Hatibu ugonjwa. Kazi yake ni kumtoa mtu kwenye mawazo, kumshawishi mtoto mwenye bandeji anyooshe mkono, na kumpumzisha muuguzi aliyechoka kabla hajashika njia ya nyumbani.

Marekani na Uingereza jambo hili limezoeleka, lakini taratibu za huko hazikuandikwa kwa ajili ya wodi kama zetu. Wodi zetu za Mbeya, Iringa au Njombe zina vitanda vingi chini ya paa moja. Wa kitanda cha tatu akifurahi, wa kitanda cha nne huenda aliwahi kung'atwa, ana pumu, au ni Mwislamu ambaye mate ya mbwa ni najisi kwake na nguo alizovaa ndizo za kuswalia. Kwa hiyo shika neno moja kabla ya mengine yote: mgonjwa amfuate mbwa uani, mbwa asimfuate mgonjwa wodini. Tafuteni veranda au sehemu ya ua yenye jua, mbali na jiko, duka la dawa na njia ya machela, na yenye bomba la maji karibu.

Mbwa yupi anafaa

Mbwa wa ulinzi hafai, hata akiwa mpole kwa watoto wa nyumbani. Kila usiku anasifiwa kwa kumbwekea mgeni. Huwezi kumtaka mchana amlalie mgeni miguuni. Anayeshinda amefungwa mnyororo naye hafai, kwa sababu hajazoea watu. Anayefaa ametimiza angalau mwaka mmoja na ameishi na wewe miezi sita au zaidi, maana lazima uisome sura yake kabla hajachoka. Aina si kitu. Mbwa wetu wa kienyeji mwenye manyoya mafupi ana faida: vumbi jekundu linamtoka haraka na kupe wanaonekana. Jike aliye kwenye joto, mwenye mimba au anayenyonyesha abaki nyumbani.

Mjaribu nyumbani kwa wiki kadhaa. Angusha sufuria nyuma yake. Mwombe jirani apite na magongo, mwingine asukume toroli, mtoto amshike sikio bila kuumiza. Kushtuka ni kawaida. Angalia anarudi katika hali yake baada ya muda gani. Akitulia ndani ya sekunde chache na kuja kunusa kilichoanguka, endelea naye. Akijificha au kuunguruma, huyu hafai kwa kazi hii. Usimpige kwa kuunguruma: mbwa aliyeadhibiwa kwa sababu hiyo hujifunza kunyamaza, na siku nyingine anang'ata bila kuonya.

Amri anayopaswa kuijua kuliko zote ni "acha". Vidonge huanguka sakafuni hospitalini, na parasetamoli au ibuprofeni inaweza kumuua mbwa. Mfundishe kwa kutupa kipande cha nyama iliyochemshwa miguuni mwake, na zawadi itoke mkononi mwako tu anapokiacha.

Chanjo na ruhusa

Chanjo ya kichaa cha mbwa hairukwi wala haicheleweshwi. Akichanjwa mara ya kwanza, subirini wiki nne kamili kabla ya kukanyaga hospitali, kisha chanjo irudiwe kila mwaka na kadi itunzwe. Daktari wa mifugo ampe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, ikiwemo ya tegu. Nyama mbichi na matumbo ya machinjioni yakome angalau siku 90 kabla ya ziara ya kwanza, kwa kuwa mbwa anayeyala anaweza kubeba bakteria wa kuharisha na minyoo bila kuonyesha dalili yoyote.

Barua ya maombi iende kwa mganga mfawidhi, nakala kwa matroni, kwa timu ya kuzuia maambukizi na kwa afisa ustawi wa jamii. Ambatisha kadi ya chanjo na cheti cha daktari wa mifugo. Omba eneo moja, siku moja kwa wiki, saa moja tu. Ombi dogo lenye mipaka hujibiwa haraka kuliko maelezo marefu ya faida za mbwa.

Siku moja kabla

Mwogeshe kwa sabuni isiyo na manukato. Kuanzia Mei hadi Agosti fanya hivyo saa 5 asubuhi, jua likiwa limepanda, ili akauke kabla baridi haijashuka. Mbwa aliyelowa hunuka, hutetemeka, na vumbi la Iringa humganda kama unga. Usimwogeshe mara kwa mara pasipo sababu. Ngozi ikikauka hutoa magamba, na hayo ndiyo yanayowasha wenye mzio. Mkague kupe ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Kata kucha mpaka zisisikike akitembea kwenye saruji. Kucha ndefu huteleza kwenye vigae na huchana ngozi ya wazee, ambayo ni nyepesi.

Siku yenyewe mtembeze dakika 20, ajisaidie, umfute miguu. Kamba isizidi mita 1.8. Beba maji na bakuli lake, mifuko ya kuzolea kinyesi na shuka safi zilizokunjwa, moja kwa kila mgonjwa.

Uani

Saa nzuri ni kati ya saa 8 na nusu mchana na saa 9 na nusu alasiri: chakula cha mchana kimekwisha na ndugu wa jioni hawajafika na makapu. Vikapu vya chakula ndivyo vinavyomharibu mbwa mzuri.

Muuguzi ndiye anayechagua wagonjwa. Wasiletwe wenye vidonda wazi au majeraha ya moto, wanaotumia dawa za saratani, wenye kinga iliyoshuka sana, waliotolewa bandama, wenye mzio wa mbwa, wanaoharisha, wala waliotengwa kwa kifua kikuu. Kisha wewe mwenyewe nenda kwa mgonjwa bila mbwa. "Shikamoo mama. Nina mbwa wangu pale nje, mpole. Ungependa kumwona? Ukikataa, hakuna neno." Mzee wa Iringa mwamkie kwa "kamwene" kwanza. Akisitasita, chukulia amekataa. Mgonjwa wetu humwonea haya mgeni na anaweza kuitikia huku mikono imekamata shuka. Tazama mikono kuliko mdomo.

Mgonjwa anawe kwa sabuni, akae kwenye kiti chenye mgongo, shuka safi juu ya mapaja. Mlete mbwa kutoka upande usio na kanula (kijirija cha dripu kilicho mshipani) wala mpira wa mkojo, aje ubavu kwa ubavu, si uso kwa uso. Mbwa huona kuangaliwa moja kwa moja kama ugomvi. Wewe simama au chuchumaa upande wa kichwa cha mbwa, mkono mmoja kwenye kamba karibu na shingo. Mgonjwa aanze kumgusa bega au kifua. Mkono unaoshuka kutoka juu ya kichwa humtia mbwa wasiwasi. Asilambe mdomo, kidonda wala kanula. Dakika tano hadi saba zinatosha kwa mtu mmoja.

Kwa aliyepata kiharusi, zungushia mpini wa brashi kitambaa mpaka unene kama gunzi la mahindi, umfungie kwa upole kwenye kiganja dhaifu, amchane mbwa kutoka bega kuelekea mgongoni. Mkono uliogoma kuinuka kwenye mazoezi ya kawaida mara nyingine hujaribu tena hapa, kwa sababu kuna mbwa anayengojea kuchanwa. Panga hili na mtaalamu wa viungo, naye awepo.

Baadaye mgonjwa anawe tena. Kitakasa mikono peke yake hakitoshi: hakiui mayai ya minyoo, wala bakteria fulani wa kuharisha waliojifunga ganda. Sabuni na maji tiririka huwaondoa. Shuka iende kwenye nguo chafu.

Wahudumu wapangiwe zamu yao, robo saa wakati wa kubadilishana, nje ya chumba cha chai. Wavue glovu na makoti meupe kwanza, wanawe wakiondoka. Wengine watataka kukaa kimya tu na mbwa, usiwasemeshe.

Mambo yakiharibika

Dalili za kuchoka huanza ndogo: kulamba pua, kupiga miayo, kugeuza kichwa, weupe wa jicho kuonekana, kuhema mdomo wazi wakati kuna baridi. Ukiona mbili kwa pamoja, ziara imekwisha, hata kama kuna mtoto aliyesubiri. Mweleze mtoto ukweli, naye awe wa kwanza wiki ijayo.

Akikojoa, futa kwanza, kisha mwaga klorini ya asilimia 0.5: kwa dawa ya madoa ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Ukimwaga juu ya uchafu, uchafu hula nguvu ya dawa.

Akikwaruza au kung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji tiririka dakika 15 kamili kwa kutazama saa, kisha daktari aamue kuhusu chanjo, hata kama kadi ya mbwa iko sawa. Mbwa awekwe chini ya uangalizi siku 10, na kazi hii imemwisha moja kwa moja.

Ukifika nyumbani andika kwenye daftari waliomgusa, muda, na namna mbwa alivyoondoka. Mwache alale. Wiki inayofuata akisita kwenye geti la hospitali, usimvute. Mpigie matroni simu, mrudi nyumbani.