Utafiti wa joto na saratani: anza na nyuzi joto

Shangazi hapa Ngamiani, Tanga, katumiwa ujumbe kwamba kujifukiza kunaua saratani, na linki ya International Journal of Hyperthermia chini yake. Jarida hilo la utafiti wa tiba ya joto ni la kweli, lipo tangu 1985. Ukipata linki kama hiyo, fungua muhtasari wa utafiti utafute nyuzi joto ndani ya uvimbe, na tiba iliyoambatana nayo. Nyuzi 40 hadi 44 kwa kawaida huenda na mionzi au dawa, maana joto hilo huzuia seli za saratani kujikarabati baada ya kupigwa mionzi. Mvuke wa sufuria chini ya kanga haufikishi joto hilo ndani. Muhtasari usipotaja nyuzi, shuka kwenye maelezo ya mbinu. Tazama pia kama waliotibiwa ni watu au panya; hilo nyuzi hazikuambii.