Kompyuta moja, Windows 98 na XP: jinsi ninavyochagua vifaa vya magemu ya zamani hapa Lamu

Vijana wengi wanaokuja kwangu mtaa wa Langoni wakitaka mashine ya magemu ya zamani huanza kuuliza prosesa. Mimi huanza na Windows 98 SE. Mfumo huo wa 1999 ndio wenye masharti, na XP ya 2001 hukubali karibu kila kifaa ambacho 98 imekikubali. Basi kila kifaa hapa chini kimepita swali moja: kina draiva (programu inayokiendesha) ya 98?

Hatua ya 1: mazabodi

Tafuta bodi kuu yenye chipseti (chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) ya Intel 865PE na soketi 478, mahali prosesa inapokaa. Zilitoka 2003, wakati draiva za 98 zilikuwa bado zinaandikwa. 865G pia inafaa, lakini kompyuta nyingi za ofisi zenye chipseti hiyo hutumia chipu ya picha iliyo ndani ya bodi na hazina nafasi ya AGP, ile ya kuchomeka kadi ya picha. Fungua kasha uione nafasi hiyo kwa macho kabla ya kulipa.

Kisha kagua kapasita, ile mitungi midogo iliyozunguka prosesa. Kichwa chake kiwe bapa kama sarafu. Kikiwa kimetuna, au kina ukoko wa kahawia kwenye mikato yake, iache bodi hiyo. Miaka ile kapasita mbovu ziliingia kwenye bodi za kampuni nyingi sana. Niliwahi kuagiza moja kutoka Mombasa bila kuiona. Ilivuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, imefungwa vizuri, ikawaka, nikafurahi, na baada ya robo saa ikaganda. Kapasita tatu zilikuwa zimevimba. Siku hizi sitoi pesa mpaka nitumiwe picha ya karibu iliyopigwa kwa ubavuni, kwa sababu uvimbe mdogo hauonekani ukipigwa picha kutoka juu.

Halafu kuna chumvi ya hewa yetu. Mashine iliyokaa nyumba ya ufukweni utaijua kwa ukijani kwenye miguu ya chipu. Ukiwa mwepesi, safisha kwa mswaki laini na spiriti, uache ikauke siku nzima. Kutu ya skrubu za kasha haina neno. Kutu ndani ya nafasi ya AGP inatosha kukufanya uirudishe.

Hatua ya 2: prosesa

Chukua Pentium 4 ya kizazi cha Northwood, kati ya GHz 2.4 na 3.0. Prescott iliyofuata 2004 ina joto zaidi, na joto hapa tunalo la kutosha. Futa grisi juu ya prosesa usome maandishi: *2.80GHZ/512/800* ni Northwood, na ukiona *1M* mahali pa 512, hiyo ni Prescott.

Hatua ya 3: RAM

Vijiti viwili vya DDR vya MB 256. Jumla ni MB 512, na kwa kuwa ni viwili, bodi hii huvisoma kwa pamoja. Usishawishike kujaza. Ikizidi MB 512, 98 huanza kulalamika kwamba kumbukumbu imeisha, nayo ipo tele, mpaka uweke kikomo cha *MaxFileCache* ndani ya faili la *system.ini*. Magemu ya XP ya miaka yake ya mwanzo yanatosheka na 512.

Hatua ya 4: kadi ya picha

Hapa usiwe na haraka, maana kadi mpya zaidi inaweza kuharibu gemu la zamani. Magemu kadhaa ya miaka ya 1990 yanachora ukungu kwa njia ya zamani na kutumia picha za rangi 256 zenye jedwali lake la rangi. GeForce4 Ti na GeForce FX zinayaweza hayo. Kuanzia GeForce 6 picha hizo za jedwali ziliachwa, na kadi za Radeon nazo zina upungufu huo. Utawasha gemu ulilolipenda utotoni ukute ukungu haupo, mlima wa mbali umekatika ghafla angani.

Chaguo langu ni Ti 4200, au FX 5900 ukiipata, pamoja na draiva ya NVIDIA toleo 45.23. FX 5200 ni nyingi na ni rahisi, lakini kwepa zile zenye njia ya kumbukumbu ya biti 64. Geuza kadi uhesabu chipu za kumbukumbu: zikiwa nne tu, mara nyingi ndiyo hiyo dhaifu. Kadi za AGP za kale zinazotumia volti 3.3 usizichomeke kabisa kwenye bodi ya 865, zinaweza kuiunguza. Kabla ya kuchomeka kadi, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli mpaka yang'ae.

Hatua ya 5: vilivyobaki

Kadi ya sauti: Sound Blaster Live! au Audigy 2 ZS. Soma namba iliyo kwenye kadi, kwa maana SB0200 ina jina la Live! lakini chipu yake ni tofauti na draiva za kawaida haziitaki.

Pawa saplai nunua mpya, yenye plagi ya mraba ya pini nne za volti 12. Betri ya CR2032 ibadilishe hata kama iliyopo inafanya kazi.

Hatua ya 6: diski na mpangilio

Diski ya IDE (ile ya waya mpana bapa) ya GB 40 au 60 inatosha. Ikizidi GB 64, FDISK, programu ya 98 ya kugawa diski, huonyesha ukubwa wa uongo, na ikizidi GB 137, 98 yenyewe inaweza kuharibu mafaili yako. Kata GB 20 za mwanzo kwa FAT32 (mpangilio wa mafaili ambao 98 huusoma), sakinisha 98 humo kwanza. Kisha XP kwenye nafasi iliyobaki, kwa NTFS, ili 98 isiione. Ukipindua mpangilio huo, 98 itaandika juu ya kiwashio cha XP.

Menyu yenye mistari miwili, wa 98 na wa XP, ikitokea, ingia 98 kwanza. Weka draiva ya chipseti, uzime na kuwasha, kisha ya picha, kisha ya sauti.