Somo: Plombu inayonata kwenye kalibu, na namna ya kuipunguza unaposubu vizito vya nyavu

Mwezi huu watu watatu wameniletea kalibu zao, yaani vyombo vya kumiminia plombu ipate umbo, hapa Bukavu wakisema zimekufa. Nikizifungua naona kitu kilekile: utando mwembamba wa kijivu umeshika kwenye kingo na karibu na tundu la kumiminia, na kila kizito kinachotoka kina kidonda upande mmoja. Mmoja wao alikuwa ameshaikwangua yake kwa kisu. Hiyo ndiyo iliyokuwa imeharibika kweli. Zile mbili nyingine zilipona kwa moto, kijiti cha mwanzi na kitambaa.

Nitasema plombu, kama tunavyosema ufukweni, kuliko kusema risasi. Mtu wa Kivu anajua kwa nini.

Kabla hujawasha makala, yaani makaa, jambo moja ambalo sitalipunguza makali. Plombu ni sumu, na sumu hiyo inawawinda watoto kwanza, kwa sababu mwili wa mtoto unaifyonza haraka na ubongo wake bado unajengwa. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, kule Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walikufa kwa plombu ya batiri za magari zilizovunjwa mitaani mwao. Kwa hiyo: batiri hatuvunji, kabisa. Hatuyeyushi jikoni wala uani ambako watoto wanacheza. Mama mjamzito asikae karibu. Sufuria na upawa wa kazi hii havirudi kwenye chakula hata vikioshwa mara mia. Na kitambaa ulichojifunga puani hakizuii moshi wa plombu. Kinachokusaidia ni upepo na moto mdogo.

Hatua ya kwanza: chagua plombu

Mimi natumia vile vizito vya kusawazisha magurudumu vinavyotolewa gereji. Siku hizi vingi si plombu, ni zinki au chuma, na zinki kidogo tu inatosha kukuharibia sufuria nzima: inakuwa kama uji wenye mabonge, haijazi kalibu. Tazama kama kimeandikwa Zn au Fe. Hivyo weka kando. Kisichoandikwa, kibane kwa koleo. Plombu inakubali jino la koleo mara moja, zinki inakataa. Ukikiangusha kwenye saruji, plombu inalia kama udongo, zinki inalia kama sarafu.

Kikikuponyoka kimoja, usihangaike, ila usizidishe moto. Plombu inayeyuka kwenye nyuzi 327, zinki inangoja hadi 419, tena ni nyepesi kuliko plombu. Itaelea juu ikiwa bado ngumu, utaiopoa pamoja na vibanio vya chuma.

Hatua ya pili: kausha kila kitu

Mji wetu ni wa mvua, na hii ndiyo hatua iliyoniachia alama kwenye mkono wa kushoto. Nilikuwa chini ya bati lenye tundu la msumari. Tone moja liliingia kwenye sufuria, na sufuria ikatapika. Maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600. Yakibanwa chini ya plombu ya moto, hayana njia ila kuirusha yote juu yako. Siku hiyo nilikuwa na miwani. Bila miwani nisingekuwa naandika haya.

Kwa hiyo vipande unavyotaka kuyeyusha vitangulie kuwekwa sufuriani ikiwa baridi, vipate joto pamoja nayo. Ukitaka kuongeza katikati ya kazi, vipange kwanza ukingoni mwa babula, lile jiko la makaa, kwa dakika kumi na tano hivi, kisha uviingize kwa upawa polepole. Upawa nao upashe. Vaa viatu vilivyofungwa, si kandambili, na suruali ndefu iangukie nje ya kiatu.

Hatua ya tatu: safisha kalibu

Hapa ndipo kunata kunapoanzia. Kalibu nyingi za huku ni nusu mbili za alumini zilizotengenezwa na mafundi wa sufuria. Nusu hizo zina mafuta ya mkono, na kwenye ukingo wa shimo kuna vinyweleo vya alumini ambavyo jicho halivioni. Pitisha ukucha kutoka ndani ya shimo kwenda nje. Ukikwama, hapo ndipo plombu nayo inakwama. Chukua msasa mwembamba kabisa, uviringe kwenye kijiti cha kibiriti, usugue ukingo ule tu, mara mbili tatu. Usiguse tumbo la shimo. Kisha osha kwa sabuni na maji ya moto, na uikaushe juu ya babula hadi huna shaka yoyote.

Hatua ya nne: moshi wa mshumaa

Washa buji ya kawaida, pitisha kila nusu juu ya ncha ya mwali mpaka shimo liwe jeusi kama kivuli. Kivuli tu. Ukipaka masizi mazito, kizito kitatoka na ngozi ya chatu, na masizi yakibanduka kipande kimoja, plombu itashika palepale yalipotoka.

Uti, ule waya unaoacha tundu la kamba ndani ya kizito, unahitaji uangalizi wake. Mimi natumia sipoki ya baiskeli. Plombu ikipoa hujikunja na kuikumbatia, ndiyo maana watu wanavuta kwa koleo mpaka kizito kinapasuka. Isugue sipoki kwa msasa iwe laini, kisha ipake ncha ya penseli, ile nyeusi ya shule, urefu wote. Plombu ikishaganda tu, izungushe nusu mzunguko kabla hujaivuta. Usingoje ipoe.

Hatua ya tano: moto na kumimina

Weka kalibu ukingoni mwa babula wakati plombu inayeyuka, zipate joto pamoja. Plombu ikiwa maji, tupia kipande cha mshumaa kama punje ya hindi, ukae mbali maana kitawaka, koroga kwa upawa, na uondoe uchafu wa juu. Uchafu huo ni unga wenye sumu kuliko plombu yenyewe. Unaingia kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye majani.

Kujua joto, chovya kijiti kikavu. Kikigeuka rangi ya kahawa taratibu, mimina. Kikitoa moshi mara moja na kuwa makaa, toa makala. Mimina kwa mkono mmoja usiokatika, ujaze hadi kibaki kichuguu kidogo juu ya tundu. Kitazame: kinang'aa, kisha ghafla kinapoteza mng'ao. Kwenye kalibu yangu ya gramu hamsini hivi, ikichukua kama sekunde tano, kalibu iko sawa. Kikiganda papo hapo, kalibu ni baridi. Ukihesabu hadi kumi na mbili bado kinang'aa, imezidi joto, na hapo ndipo utando wa kijivu unapozaliwa. Iache wazi ipumzike. Usiichovye majini.

Vizito vitatu vinne vya kwanza vitakuwa vibaya. Virudishe sufuriani.

Utando ukishashika

Pasha kalibu hadi utando uanze kulainika, kisha usukume kwa mwanzi uliochongwa kama patasi, ukifuata urefu wa shimo, umalizie kwa kitambaa kikavu cha pamba ukiwa na glavu nene. Kisu, tupa ya fundi na brashi ya chuma viache kabisa: kila mkwaruzo ni mlango wa utando mwingine. Kitambaa hicho usikitupe ovyo. Kiingie kwenye lile kopo la uchafu.

Maswali ya wanachama

Papa, juu ya nini plombu zangu zinatoka na mikunjo kama uso wa muzee, na sijaona utando wowote?

Mwanangu, hiyo ni baridi. Ama kalibu haijapata joto, ama unamimina kwa kusitasita, tone na tone. Mimina vizito vitano haraka bila kuvikagua, kalibu itajipasha yenyewe. Na kama vikitoka na rangi ya barafu, kama vimepakwa unga, hapo umevuka upande wa pili: joto limezidi.

Kalibu yangu ni ya shaba, na nilichanganya solda ya redio ili plombu itiririke vizuri. Sasa inashika kila mahali.

Kaka, solda ina madini ya bati ndani yake, na kazi ya bati ni kushika shaba. Kweli inasaidia kujaza pembe ndogo, lakini kwenye kalibu ya shaba unaialika inate. Kwa kizito cha nyavu huhitaji pembe kali. Acha solda, ondoa utando kama nilivyoeleza, na moshi wa mshumaa usiuruke hata siku moja.

Mimi niko mama wa watoto wanne hapa Nguba, bwana wangu anafanya kazi hii nyuma ya nyumba. Nguo zake nazifua pamoja na za watoto. Kuna ubaya?

Mama, kuna ubaya, na asante kwa kuuliza. Zifue peke yake, usizikung'ute kwanza, na maji yake yasimwagwe mahali watoto wanachezea. Mwambie avue nguo na viatu hukohuko kazini, anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto. Kazi yenyewe aitoe nyuma ya nyumba. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha plombu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mkipata njia, wapelekeni watoto kwa daktari mkamweleze wazi kuwa baba anayeyusha plombu, hata kama hawaonyeshi ugonjwa.

Papa, mimi ni wa Goma, Kituku. Huku mawe ya volkano ni bure. Naweza kuacha plombu kabisa?

Mdogo wangu, kwa nyavu za karibu na ufuko, acha. Gramu 100 za plombu zikiwa majini zinabaki na nguvu ya gramu 91 hivi. Jiwe zito la kawaida linabaki na kama 60. Maana yake utafunga mawe mengi zaidi, basi. Ila jiwe la Nyiragongo lenye matundu ni jepesi mno na kingo zake zinakata nailoni. Tafuta lile lililolainishwa na mawimbi, lisilo na matundu. Livishe kwanza kipande cha wavu mkuukuu, ndipo ulifunge kwenye kamba ya chini.