Leseni ya kwanza ya udereva: anza na macho, mikono itafuata

Nimekaa kwenye kiti cha pembeni cha gari la mafunzo kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wengi ni vijana wanaotafuta leseni yao ya kwanza. Karibu wote huja wakiamini kwamba udereva uko mikononi na miguuni. Wanataka washike usukani, wakanyage klachi, waingize gia, waondoke. Kuliondoa gari utajifunza ndani ya siku chache. Kuisoma barabara huchukua miezi, na ndiko mtahini anakokutafuta tangu unapofunga mkanda. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini nitakurudisha kwenye macho.

Hatua ya 1: Zijue ngazi za leseni yako

Umri wa kuanza hutofautiana. Majimbo mengi ya Marekani humruhusu kijana kuendesha peke yake, kwa masharti, akiwa na miaka 16. Uingereza ni 17, na nchi nyingi zimeweka 18. Ukipata leseni mapema kisha ukasafiri, uliza kwanza: Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaziruhusu nchi kuikataa leseni ya mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama kwao ni halali.

Sehemu nyingi leseni haitolewi yote kwa mara moja. New Zealand ilianzisha mfumo wa ngazi mwaka 1987, na wengine wakafuata. Kwanza unapewa leseni ya mwanafunzi, ambayo hukuruhusu kuendesha ukiwa na dereva mzoefu pembeni. Kisha huja leseni yenye masharti, kwa mfano kutoendesha usiku wa manane au kutobeba vijana wenzako bila mtu mzima. Leseni kamili ndiyo ya mwisho. Vijana huyalalamikia masharti hayo sana. Mimi nayatetea, na sababu zake utaziona hatua ya 7.

Nenda kwenye ofisi inayotoa leseni, au kwenye tovuti yao, uandike wanachotaka: uthibitisho wa umri na utambulisho, picha, mara nyingi saini ya mzazi au mlezi, na cheti cha macho. Uliza pia kuhusu gari la otomatiki. Katika nchi nyingi, ukifanyia mtihani gari la otomatiki, leseni yako haikuruhusu kuendesha gari la gia za mkono.

Sasa kuhusu hicho cheti cha macho. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akifunga breki akiwa amechelewa kwenye kila alama. Nilimkosoa wiki mbili nzima nikidhani ni uzembe, mpaka siku nilipomwomba anisomee bango lililokuwa mbele yetu, akashindwa. Hakuwahi kujua kwamba haoni mbali, kwa sababu hakuwa na macho mengine ya kulinganisha. Jipime mapema. Uingereza mtahiniwa hutakiwa kusoma namba ya gari lililosimama umbali wa mita 20 kabla ya kuanza mtihani wa barabarani. Pima umbali huo ukiwa mahali salama, ujaribu mwenyewe. Ukihitaji miwani, ipate kabla ya somo la kwanza.

Hatua ya 2: Soma nadharia ukiwa barabarani

Kukariri kitabu cha alama kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kunachosha, na ukifika njia panda akili inaganda. Anza na maumbo. Katika nchi nyingi pembetatu hutahadharisha, duara huamrisha au hukataza, pembetatu iliyopinduliwa hukuambia uwape wengine nafasi, na alama nyekundu ya pembe nane hukuambia usimame kabisa. Alama hizo mbili za mwisho zimepewa maumbo ya peke yake ili uzitambue hata rangi ikichubuka, au ukiziona kwa upande wa nyuma.

Baada ya maumbo, shughulika na swali moja tu: nani apite kwanza? Maswali mengi yanayowaangusha vijana kwenye mtihani wa nadharia ni ya haki ya kupita, hasa kwenye makutano na mizunguko. Ukiwa abiria, weka simu mfukoni na uendeshe kwa macho. Kila mnapofika makutano, jiulize nani apite na kwa nini, kisha tazama dereva wenu anafanya nini. Wiki tatu za zoezi hilo hazikugharimu kitu, na utaingia chumba cha mtihani ukiwa umekwisha kuyaona maswali yakiwa na magurudumu.

Hatua ya 3: Kaa sawa kabla ya kuwasha

Sogeza kiti mpaka uweze kukandamiza klachi hadi chini huku goti likibaki limekunjika kidogo. Kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, maana mfuko wa hewa hufumuka kwa nguvu kubwa na unahitaji nafasi. Sehemu ya juu ya mto wa kichwa ilingane na utosi wako. Mikono iwe kwenye namba tisa na namba tatu za uso wa saa.

Kioo cha ndani kionyeshe dirisha lote la nyuma. Vioo vya pembeni vionyeshe ukanda mwembamba tu wa ubavu wa gari lako, na kilichobaki kiwe barabara. Hata hivyo kutabaki eneo ambalo hakuna kioo kinacholiona, karibu na bega lako. Mwombe mwalimu atembee polepole kutoka nyuma ya gari kupita ubavuni, uone mwenyewe anavyotoweka. Akishatoweka mtu mzima mbele ya macho yako, hutahitaji kukumbushwa tena kugeuza kichwa.

Hatua ya 4: Klachi, kwa subira

Tafuta uwanja mtupu, wa tambarare, ambako mnaruhusiwa. Kanyaga klachi hadi mwisho, ingiza gia ya kwanza, shusha breki ya mkono, angalia pande zote. Usiguse mafuta. Inua mguu wa klachi polepole sana huku kisigino kikiegemea sakafuni. Injini itabadili sauti, izame kidogo, na mwili wa gari utatetemeka. Hapo klachi imeshika. Usiinue zaidi! Tulia hapohapo, gari lianze kutambaa lenyewe, kisha kanyaga tena na usimame. Mimi huwarudisha vijana kwenye zoezi hili mara ishirini, thelathini, mpaka mguu uijue sehemu hiyo bila kuuliza kichwa. Mafuta tunayaongeza baadaye, na kilima baadaye zaidi.

Gari likizimika, usione aibu. Kanyaga breki na klachi, rudisha gia huru, washa upya. Kinachowaponza vijana ni kinachofuata: wakishawasha, huondoka kwa haraka ili kufuta kosa, wala hawaangalii tena. Kumbe katika zile sekunde kumi mtu wa baiskeli amekwisha kufika ubavuni. Kila unapoondoka ni kuondoka upya, na vioo na bega huangaliwa upya.

Hatua ya 5: Sema unachokiona

Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote. Mwanafunzi anaendesha huku akisema kwa sauti kila kinachomhusu: “Gari limeegeshwa, kuna mtu ndani, mlango unaweza kufunguka. Mtoto kwenye ukingo, hajanitazama. Basi limesimama, abiria watavuka mbele yake.” Akinyamaza, najua macho yamerudi kwenye boneti.

Angalia mbali kwanza, kisha karibu, kisha vioo, halafu urudi mbali. Gari hufuata macho. Ukilikodolea shimo, utaingia shimoni. Ukitazama nafasi iliyo pembeni mwa shimo, mikono itakupeleka huko. Tazama chini ya magari yaliyoegeshwa, utaona miguu ya mtu kabla hujamwona mwenyewe. Tazama magurudumu ya mbele ya gari linalosubiri kuingia barabarani, kwa sababu indiketa inaweza kusahauliwa, lakini gurudumu likianza kuzunguka, gari linakuja.

Kabla ya kugeuka, kusimama au kubadili njia, mpangilio ni kioo, indiketa, bega, ndipo usukani. Indiketa haikupi haki ya kupita. Inawaarifu tu wengine unachotaka kufanya.

Hapa pia ndipo mahali pa mwendo. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kushtuka na kuhamisha mguu, mita hizo 14 zimekwenda na breki bado haijaguswa. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali ambao breki zinauhitaji huongezeka takriban mara nne, na lami ikilowa huongezeka tena. Ili kupima nafasi, chagua nguzo au kivuli mbele. Gari lililokutangulia likikipita, hesabu sekunde mbili kamili. Ukikifikia kabla hujamaliza, uko karibu mno. Kwenye mvua hesabu nne.

Wazazi, nawaomba mtoke mara nyingi na watoto wenu katika kipindi hiki, kama sheria ya mahali mlipo inaruhusu: asubuhi, jioni, mvuani, gizani, kwenye foleni. Masomo ya kulipia pekee hayatoshi. Elekezeni mapema na kwa sauti ya chini. Kelele za ghafla humfanya kijana awatazame nyinyi, na wakati huo barabara haina mtu anayeitazama.

Hatua ya 6: Siku ya mtihani

Lala vya kutosha. Fika mapema, na ikiwezekana uwe umeendesha nusu saa kabla. Hakikisha hati zote ziko mkononi na gari lina taa, breki, honi na matairi mazima.

Mtahini haoni mboni zako, huona kichwa. Kigeuze waziwazi. Ukielekezwa kushoto na umeshaweka indiketa ya kulia, nenda kulia kwa usalama. Mara nyingi kukosea njia si kosa la kukuangusha, lakini kukata kona ghafla ili kumridhisha mtahini ni kosa la hatari. Ukikosea jambo dogo, liache nyuma. Wengi huanguka kwa kosa la pili, lililotokea wakiwa bado wanalifikiria la kwanza.

Ukishindwa, omba kuelezwa makosa yako, yaandike siku hiyohiyo, mpelekee mwalimu wako. Nimewaona waliorudi mara ya tatu wakawa madereva ninaowaamini kuliko waliopita mara ya kwanza.

Hatua ya 7: Miezi ya kwanza peke yako

Kipindi cha hatari zaidi kwa dereva kijana huanza pale mwalimu anaposhuka garini. Miezi michache ya mwanzo ina ajali nyingi kuliko itakayofuata, na hatari hupanda zaidi usiku na kila anapoongezeka abiria wa rika lako. Rafiki mmoja akicheka nyuma, kichwa kinageuka. Ndiyo maana nilisema nayatetea masharti. Hata kama nchi yako haina, jiwekee mwenyewe: miezi sita bila kubeba marafiki na bila safari za usiku zisizo za lazima.

Simu izime sauti, iweke mahali mkono haufiki. Kuitazama kwa sekunde mbili ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa ni kusafiri zaidi ya mita 33 umefumba macho.

Safari ya kwanza ya peke yako iwe fupi, mchana, katika njia uliyoizoea. Ukirudi, vuta breki ya mkono, zima injini, angalia kioo cha upande wako. Kisha fungua mlango kwa mkono ulio mbali na mlango huo. Mwili utageuka wenyewe, kichwa kitaufuata, na utamwona mtu wa baiskeli anayekuja kutoka nyuma kabla mlango haujafunguka.