Kupanda miti ya asili kuzuia moto shambani (Chanika, Pugu, Kisarawe)

Juzi tumemaliza kupanda mpaka wa shamba la shangazi kule Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na watu wawili watatu wameniuliza namna. Moto wa huku kwetu hutembea kwenye nyasi. Kazi ya mti ni kutandaza kivuli mpaka nyasi zikose jua, na kivuli huchukua miaka.

1. Anza upande wa kusi
Kiangazi chetu, Juni hadi Septemba, upepo ni wa kusi. Panda kwanza upande wa kusini na kusini-mashariki. Penye mteremko, kama vilima vya Pugu, ulinde na upande wa chini, maana moto hupanda haraka kuliko unavyoshuka.

2. Miti
Mkwaju kwanza. Kivuli chake ni kizito na nyasi huota chini yake kwa shida. Changanya na mkongo, ule mti wa mbao wenye mbegu nyeusi. Bondeni weka mkuyu. Kigingi kinene cha tawi lake, ukikichomeka, kinatoa mizizi chenyewe. Mkaratusi sitaki hata kuusikia: majani yana mafuta, magome yanabanduka na kurundikana chini yakisubiri kiberiti. Unataka nguzo? Panda kwingine.

3. Miche
Mbegu za mkwaju unazo jikoni. Zioshe, loweka usiku kucha, weka kwenye viriba (vifuko vya kuoteshea miche). Za mkongo, toa ile kofia nyekundu (panya na sisimizi wasikufuate), kisha kwaruza ganda kidogo kwenye saruji. Tumia viriba virefu, kwa sababu mzizi mkuu unashuka mbio na kwenye kifupi unajikunja.

4. Kupanda
Masika ikishalowesha udongo vizuri. Vuli siiamini: Desemba mche unacheka, Februari umekauka. Mistari mitatu inayopishana, mita nne kati ya mche na mche. Shimo unajua kuchimba.

5. Viangazi vya mwanzo
Hapa ndipo watu wanapoteza miche yote. Mche wa magotini uliozungukwa na nyasi za kifuani utaungua pamoja nazo, uwe wa asili au wa kigeni.

Fyeka Mei mwishoni, nyasi zikiwa bado mbichi, na uzitoe nje ya mistari. Nyasi zilizofyekwa zikaachwa zimelala, mwezi Agosti ni kuni. Rudia palizi kila zinapochipua.

Sasa matandazo. Tumefundishwa wote kufunika shina kwa nyasi kavu ili unyevu ubaki, na kwenye bustani ni sawa. Kwenye mstari wa kuzuia moto unaegemeza kuni kwenye shina la mche. Lakini udongo wetu ni wa kichanga, ukiuacha wazi unakauka upesi. Ninachofanya: natandaza wakati wa mvua, Juni naondoa, au nafukia kama ni kidogo. Penye mawe, zungushia mawe.

Bora zaidi ni viazi vitamu kati ya mistari. Vinafunika ardhi kwa majani mabichi, na matembele unakula. Mche uachie nusu mita pande zote, usije ukakata mizizi unapochimba. Kiangazi kikikaza mwagilia, la sivyo navyo vitanyauka. Kunde sizipendi hapa: ukishavuna, mabua yanabaki makavu, ukizipanda, zing'oe mara moja.

Nje ya miti lima barabara ya moto kwa jembe hadi udongo mtupu. Mita tatu ndiyo kima changu cha chini, na nyasi za jirani zikimzidi mtu kimo, ongeza. Usiisafishe kwa kuchoma, hata kama mzee wa jirani anasema ndivyo wanavyofanya siku zote. Huyo mzee mfuate mapema, kabla hajaanza kuandaa shamba la vuli, mkubaliane siku ya kuchoma shamba lake na watu wa kusimama na matawi mabichi ya kuupigia moto ukitoroka. Kama kuna tanuri la mkaa karibu, zungumza na mwenyewe pia. Akikataa kusikia, nenda serikali ya mtaa.

6. Kupogoa
Matawi ya chini yaache mwanzoni, yanasaidia kivuli. Mti ukishapita kichwa chako, kata yanayogusa nyasi, moto usipate ngazi, na uyabebe nje ya mistari siku hiyo hiyo.